Dhamana ya Ernestine

Nitaanza na kosa langu. Wengine wote katika kisa hiki nitawasema, na si haki mimi nijifiche nyuma ya kalamu.

Miaka mitatu iliyopita niliandika hadithi ya mapenzi iitwayo Pazia la Njano. Niliituma kwa simu kila Ijumaa, sehemu baada ya sehemu, na wanawake wa mtaa wetu wa Mutakura wakaisoma wakiwa wamesukwa nusu kichwa. Msichana wa hadithi ile alilala kitandani miezi mitatu. Hali, haogi, hasemi. Siku moja kijana akaingia, akafungua pazia, jua likamwangukia usoni kama asali, naye akatabasamu. Kufikia sehemu ya mwisho alikuwa anacheza kwenye harusi yake. Niliiandika kwa wiki mbili nikinywa chai, nami sijawahi kukaa hata saa moja na mtu aliyelala hivyo. Wasomaji walilia. Nikajiona fundi.

Mwezi wa saba mwaka jana Mama Prodige akaja kwangu. Huyu anauza vitenge sokoni, na ndiye aliyemlea Ernestine, mtoto wa marehemu dada yake, tangu walipovuka mpaka kutoka Uvira.

“We Gaëlle, mutoto wangu anaolewa,” alisema kabla hajakaa. “Dot ni mwezi ujao. Nataka kisa. Alafu nataka kama kile cha pazia.”

Dot ni siku ambayo upande wa mume unaleta mahari. Kila ukoo una msemaji wake, na wasemaji hao wanapigana kwa maneno mbele ya wazee: wageni wanajifanya wamekuja kutafuta ndama aliyepotea, wenyeji wanajifanya hawajamwona. Siku hizi imeingia desturi nyingine. Kabla ya wasemaji kuanza, kinasomwa kisa cha wapenzi, jinsi walivyokutana na kupendana, na anayetaka kisomeke vizuri anakuja kwangu.

“Kile cha pazia nilikibuni, Mama Prodige.”

“Kubuni nini? Ernestine si alilala vilevile? Mwaka muzima! Alafu Mugisho akatokea, akaamuka. We uliandika mbele, Mungu akafuata.”

Nilicheka. Nasema kweli, nilicheka, na nikafurahi.

Ernestine anafanya kazi kwenye kibanda cha kutoa kopi karibu na chuo kikuu, kule Mutanga Sud. Nilimkuta nyumbani, anapiga pasi blauzi moja kwa muda mrefu mno. Nikafungua daftari.

“Nieleze siku aliyofungua pazia.”

Akanitazama. “Chumba changu hakina pazia, dada. Kina neti ya mbu.”

Kisha akaniambia yaliyotokea, nami nikaona aibu polepole, kama mtu anayegundua katikati ya barabara kwamba kanga yake imefunguka. Nilimuuliza kama alilia sana. “Kulia ni kazi,” akasema. “Mi sikuwa na nguvu ya kulia.” Nywele zilishikana mpaka shangazi wa jirani akazinyoa. Alisikia watoto wakicheza nje, akawa anajiuliza wanatoa wapi nguvu ya kupiga kelele. Mchungaji alisema ni roho ya huzuni. Mama Prodige alisema ni mawazo mengi. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyesema ni ugonjwa, akampa dawa na kumwambia aje kila Jumanne wazungumze. Kiswahili chetu kina jina la ugonjwa huo, sonona, na mimi niliyejisifu kuwa na lugha sikuwahi kuliandika hata mara moja. Katika hadithi yangu niliita “huzuni isiyo na jina.” Jina lilikuwepo. Mvivu alikuwa mimi.

“Na Mugisho?” nikauliza.

“Mugisho alinikuta nimesharudi kazini miezi mine. Alikuja kutoa kopi ya kitambulisho. Nikaitoa imepinda. Kesho akarudi, kitambulisho kilekile. Kesho kutwa tena.” Hapo alitabasamu. “Mutu mumoja, kopi tisa. Nikamuuliza, we unahama nchi ngapi?”

Nikaandika haraka. Hayo yalikuwa mapenzi, na yalikuwa mazuri kuliko pazia.

“Alafu mwezi wa tatu ikarudi,” akasema. “Yeye akiwepo. Akinipenda. Ikarudi tu.”

Akaiweka pasi kando.

“Nakuomba kitu kimoja. Usiandike kwamba aliniponya. Ukiandika aliniponya, siku ikirudi tena watasema nini? Watasema mapenzi imekwisha. Ao watasema Mugisho hafai. Ao watasema mi mwenyewe nimekataa kupona. Nataka waniowe wakijua. Wakikataa, wakatae sasa, nikiwa kwetu.”

Kesho yake nilikwenda Kanyosha, kwenye karakana ambako Mugisho anachomelea milango ya chuma. Ni kijana mrefu, mpole, mwenye makovu ya cheche mikononi. Nikamuuliza alifanya nini mwezi wa tatu.

“Nilikaa.”

“Ulikaa tu?”

“Siku ya kwanza nilileta samaki, mukeke wa kukaanga, hakukula. Siku ya pili nikachekesha, hakucheka. Siku ya nne nikakasirika, nikamupigia kelele, nikatoka nikaenda kulia nyuma ya choo. Siku ya tano nikarudi, nikakaa kama kiti. Lakini dada, nani anaandika hadithi ya kiti?”

“Mimi,” nikasema.

Niliandika kurasa nne, nikamsomea Ernestine. Alinisimamisha mara moja tu. “Umesema macho yangu yalikuwa ya kupendeza hata katika ugonjwa. Toa. Yalikuwa na tongotongo.” Nikatoa. Alhamisi nikampelekea Mama Prodige nakala safi. Aliisoma amesimama, akaikunja na kuiingiza kifuani. “Iko muzuri sana,” akasema, upesi mno. Mimi mpumbavu nikaenda zangu nimeridhika.

Jumamosi ya dot wageni walichelewa kwa saa mbili, maana mafuta ya gari yalikuwa hayapatikani mjini, nao walitoka Kanyosha kwa magari matatu badala ya saba, wamebanana na suti zao. Tulikuwa tumefunga hema uani kwa Mama Prodige, viti vya upande huu vikitazamana na viti vya upande ule. Ernestine alikuwa ndani ya nyumba, kama desturi inavyotaka: bibi harusi haonekani mpaka aitwe. Mimi nilikaa kwenye kizingiti, viatu nimevivua, ili nione nje na nisikie ndani.

Msemaji wetu alikuwa Jérémie, kaka wa marehemu mama yake Ernestine, mtu mwenye sauti ya mahubiri. Akafungua karatasi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wangu: kopi tisa, ya kwanza imepinda. Watu wakacheka vizuri. Akageuza.

“Na jua likamwangukia usoni kama asali,” akasoma, “na Ernestine, aliyekuwa amelala mwaka mzima, akaona macho ya Mugisho, na ugonjwa ukamtoka kama moshi...”

Sentensi ile niliijua kama ninavyoijua sauti yangu. Mama Prodige alikuwa ametoa kurasa zangu tatu za kweli, akanakili kwa mkono wake vipande vya Pazia la Njano, na kubadilisha majina. Hata pazia lenyewe alilileta, katika chumba kisicho na pazia! Wanawake wakapiga vigelegele. Nilikaa pale nikipigwa na uongo wangu mwenyewe mbele ya hadhara, na hasira ikanipanda.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Akasimama Libère, baba mdogo wa Mugisho, msemaji wao. Mzee mfupi, mcheshi, anayependa kusikilizwa.

“Wakubwa, tumesikia! Ndama wenu aliwahi kulala chini, na mutoto wetu ndiye alimuamsha. Basi dawa iko kwetu!” Kicheko. “Lakini sisi si wajinga. Mutu akitengenezewa redio, fundi anatoa dhamana. Na sisi tunaomba dhamana. Ndama akilala tena, tunamurudisha kwa mama yake, na ng’ombe wetu wanarudi nyumbani na miguu yao!”

Hema zima likalipuka. Watu walipiga meza. Na Jérémie, ambaye hajawahi kukubali kushindwa kwa mdomo, akainua chupa yake ya Fanta.

“Dhamana tunatoa! Miaka mia! Akilala tena, mi mwenyewe nitakuja kumubeba na baiskeli!”

Wakagonganisha chupa, wakanywa. Kwetu neno la wasemaji likishanywewa mbele ya wazee wa pande mbili, mzaha umekwisha. Linakumbukwa. Linaletwa mbele ya baraza la ukoo baada ya miaka kumi, na shahidi anataja hata rangi ya Fanta.

Niliingia ndani. Ernestine alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa imvutano yake ya sherehe, kitambaa cha dhahabu kilichofungwa begani, mikono juu ya magoti. Dirisha lilikuwa wazi. Alisikia yote.

“Wamenipa dhamana kama frigo ya dukani,” akasema.

Mama Prodige aliingia nyuma yangu na jagi la juisi ya maracuja. Nikamgeukia.

“Kurasa zangu ziko wapi?”

“Usinipigie kelele nyumbani kwangu. Mulitaka isomwe nini? Kwamba mutoto wa dada yangu ana ugonjwa wa kichwa na bado anameza dawa? Watu wa Kanyosha wangegeuka palepale. Mi nilimufichia aibu.”

“Hukumfichia aibu, umemtegea mtego! Akiugua tu, anafukuzwa. Na ataugua, Mama Prodige. Wewe unajua ataugua.”

“Kwa nini ataugua? Si anapendwa?” Akalitua jagi chini. “We mwenyewe uliandika! Nilisoma mara sita. Mwaka muzima nilikuwa nafungua ule mulango nikitafuta huyo mutu wa kufungua pazia. Nilimulaumu huyu mutoto kila siku, kwa sababu ule wa kwako aliamuka na yeye haamuki. Sasa unanigombeza mi?”

Nilimwona akilini mwangu akisoma usiku na mchana uongo wangu mtamu kama cheti cha daktari, kisha akienda kumgombeza mgonjwa kwa kutofanana nao. Nani alimpa cheti hicho? Waandishi wote wa mapenzi tunaotibu sonona kwa busu, kwa sababu busu linaandikika kwa mstari mmoja na kuugua kunataka kurasa.

Nje Jérémie akaita. “Bibi harusi atoke!”

Ernestine akasimama, akachukua jagi na glasi. “Daftari lako lenye kisa cha kwanza uko nalo?” akaniuliza.

“Liko kwenye mfuko.”

“Njoo nyuma yangu.”

Alitoka, watu wakaimba. Desturi ni rahisi: msemaji anamuuliza msichana kama anawajua wageni, yeye anajibu kwamba anawajua, anamimina kinywaji, anampa kijana, na ndoa imekubaliwa. Sina kumbukumbu ya dot ambayo msichana alijibu zaidi ya maneno mawili.

“Ernestine, mwanetu,” Jérémie akasema kwa madaha, “hawa watu unawajua?”

“Mugisho ninamujua.” Glasi ilikuwa tupu mkononi mwake. “Wengine bado hawanijui. Kile kisa kilichosomwa si changu. Gaëlle, soma.”

Kulikuwa na mguno, kama hema limekaliwa na mtu mzito. Nikasimama pembeni yake, miguu mitupu, nikafungua daftari.

“Huyu musichana ni nani?” Libère akauliza. “Ni wa ukoo?”

“Ni mwandishi,” Ernestine akasema.

“Mwandishi hana kiti hapa.”

“Ndiyo maana nimesimama, mzee,” nikajibu, na nikaanza kusoma kabla hajapata neno lingine.

Nilisoma kuhusu neti ya mbu na nywele zilizonyolewa. Nilisoma jina la ugonjwa kwa sauti, mara mbili. Kisha nikafika hapa:

“Mwezi wa tatu ulimkuta Ernestine akipendwa, na sonona haikujali. Mugisho alileta samaki, samaki akapoa. Akaleta vichekesho, navyo vikapoa. Siku ya nne alipiga kelele, siku ya tano akarudi na kukaa kama kiti. Hakumponya. Dawa ilifanya kazi yake taratibu, muuguzi akafanya yake kila Jumanne, na baada ya siku kumi na tisa Ernestine aliosha kikombe kimoja. Kimoja tu. Mugisho alikiona kikombe kile kikikauka dirishani, hakusema kitu, hakupiga makofi. Na kwa sababu hakupiga makofi, Ernestine alijua kwamba mtu huyu akimwomba, atamkubali. Anaolewa akiwa na ugonjwa unaoweza kurudi. Anayemtaka, amtake na huo.”

Nilifunga daftari. Simu ya mtu ikalia wimbo wa kanisani, akashindwa kuizima. Shangazi mmoja wa Kanyosha aliinuka, akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga. Mama Prodige alikuwa amesimama mlangoni na kitenge mdomoni.

Libère hakuwa mcheshi tena. Akamgeukia Mugisho, ambaye kwa desturi hafungui mdomo siku ya dot yake.

“Hii ni kweli? Ulijua?”

“Nilijua, tonton. Mi ndiye kile kiti,” akamjibu baba yake mdogo.

Mwanamke mmoja wa upande wetu akacheka, akajiziba. Mugisho akasimama.

“Na ile dhamana uliomba, hukuniuliza. Mi sikuja kuchukua redio. Muirudishe.”

“Neno limeshanywewa, mutoto.”

“Nani alikunywa? Mi sikukunywa. Ernestine hakukunywa. Mulikunywa nyie wawili, na mulikuwa na kiu.”

Wageni wakaomba ruhusa kwenda kushauriana. Wakatoka barabarani, wakasimama kati ya magari yao, na sisi tukabaki tukiangalia viti vitupu. Jérémie alijifuta jasho na ile karatasi ya uongo. Chakula kilipoa. Ernestine alibaki amesimama katikati ya hema na jagi lake. Nilimletea kiti, akakikataa. Nilisikia sauti ya Libère ikipanda na kushuka, na mara moja sauti ya mtu mwingine ikisema wazi, “Na watoto watakaozaliwa?” Nilitaka kutoka nimjibu huyo. Ernestine akanishika mkono wa blauzi bila kunitazama.

Walikaa huko karibu nusu saa. Walipoingia walikuwa pungufu: wazee wawili hawakurudi, na gari moja lilisikika likiondoka na mafuta yake machache. Libère hakwenda kwenye kiti chake. Alisimama mbele ya Jérémie na chupa yake ya Fanta, iliyobaki nusu, akaimwaga yote chini, polepole, mpaka ardhi ikafanya tope la rangi ya chungwa.

“Tulikunywa neno bila kulijua,” akasema. “Tunalirudisha. Akilala, atalala kwetu.”

Sitamfanya mtakatifu. Alisema meno yameumana, na hakumtazama Ernestine. Lakini alisema mbele ya wazee, kwa sauti, na kwetu hilo linafunga kama lile la kwanza lilivyofunga. Jérémie akamwaga ya kwake pia, akionekana kama mtu aliyeponea kuuawa.

Ernestine akamimina juisi, akampa Mugisho. Alikuwa amechoka, dawa zilimkausha midomo, na watu hawakujua kama wapige vigelegele. Mpiga picha akajaribu kuokoa sherehe.

“Bibi harusi, cheka! Cheka kidogo, picha itoke!”

“Muache,” Mugisho akasema. “Piga hivyohivyo.”

Picha ile iko ukutani kwao Kanyosha. Wageni wengi huuliza kwa nini bibi harusi hacheki.

Jumapili nilifuta Pazia la Njano na kuwaandikia wasomaji wangu kwamba nilidanganya, na kwamba yeyote aliyewahi kumwambia mgonjwa “mbona yule wa hadithi aliamka” aende akamwombe msamaha. Nusu yao waliniacha. Mmoja aliandika kwamba anasoma mapenzi ili apumzike, si ili apelekwe kliniki. Nilimjibu kwamba mgonjwa naye anasoma mapenzi, na yeye hapumziki. Mama Prodige hakuandika kitu. Miezi mitatu alinipita sokoni kama nguzo ya umeme.

Mwezi wa kumi na moja, akiwa ameshaolewa, Ernestine alilala tena. Siku ishirini na sita. Nilikwenda kwao Kanyosha mara mbili. Mara ya kwanza nilimkuta Mama Prodige uani, anafua mashuka, amenuna. Akanipa upande mmoja wa shuka nishike, tukalikamua pamoja. Mugisho alikuwa kazini.

Mara ya pili nilifungua mlango wa chumba nikamkuta Libère. Alikuwa amekaa kwenye kiti, kofia juu ya goti. Ernestine alikuwa amelala amegeukia ukuta.

“Anasema nini?” nikanong’ona.

“Hakuna.” Yule mzee wa maneno alitazama mikono yake kama hajui imetoka wapi. “Mugisho aliniambia nisichekeshe. Aliniambia nikae tu. Kumbe ni kazi ngumu, mwandishi.”

Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikakaa naye.